Kompyuta ya Mpwa Wangu Ilipogoma Kuwaka

Niliianika betri ya kompyuta juani. Nalitaja jambo hili mwanzoni kabisa ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee. Niliichomoa chini ya mashine, nikaifuta kwa pindo la shati, nikaiweka juu ya bati la banda la kuku, upande ule unaopigwa na jua kuanzia saa nne, nikaikingia kijiwe isiserereke. Kisha nikarudi kivulini kuisubiri ipate nguvu.

Kwa mtu aliyekulia Handeni huo si wazimu. Kwetu betri za redio zikichoka hazitupwi, zinaanikwa. Ukizirudisha jioni zinakupa taarifa ya habari yote na, ukiwa na bahati, matangazo ya vifo mpaka ujue kama kuna safari. Mama yangu alikuwa akizianika pamoja na mihogo, na jioni akizigusa kwa ncha ya ulimi anakwambia ipi imeiva na ipi ingali mbichi. Mimi nilifika kidato cha nne, nikafundishwa fizikia na mwalimu aliyevaa tai kwenye joto lile, lakini kwa upande wa betri elimu yangu yote ni ya mama.

Niliporudi kuitazama baada ya adhuhuri, betri ilikuwa imetuna. Ilikuwa bapa, sasa ilikuwa na tumbo. Ganda lake lilikuwa limeachia upande mmoja kama mdomo wa mtu anayetaka kusema neno. Nilibaki na mkono hewani. Nilishtuka kiasi cha kutazama kushoto na kulia kama mtu aliyeua kuku wa watu, na kuku wenyewe, ambao ni wangu, walikuwa wamesimama mbali wakinitazama.

Na betri haikuwa yangu, wala mashine.

Ilikuwa ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu kule Korogwe. Miaka hiyo soko huria lilikuwa limeshakolea, na kila kilichochoka Ulaya kilikuja kupumzika kwetu: suruali, friji, matairi, mpaka mabegi ya shule yenye majina ya watoto wa huko. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nashona sare barazani kwangu na kula vizuri tu, mpaka mitumba ilipofika na cherehani yangu ikapewa likizo. Tangu hapo nikawa mtu wa nyumbani kabisa. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, ndiye anayetoka asubuhi na kurudi na habari za dunia. Mtaani walisema kwetu viatu ni vya mke na kandambili ni za mume, na sikuwabishia, maana kandambili hazibani.

Basi hiyo kompyuta nayo ilikuja kwa njia hiyohiyo ya mitumba, ila yenyewe ilikuwa zawadi. Mgeni mmoja aliyekuwa akijitolea hospitali ya Lutindi alipofungasha kurudi kwao alimwachia mpwa wangu, aliyekuwa amemfundisha Kiswahili. Ilikuwa laptopu ya zamani, nzito kama tofali la kuchoma, na sehemu ya kuingizia disketi ilikuwa imeshakufa. Plagi ya chaja yake ilikuwa ya miguu miwili ya mviringo, ile ambayo soketi zetu haziikubali mpaka uchomeke kijiti kwenye tundu la juu ndipo ziachie njia.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na ripoti ya utafiti ya mpwa wangu, juu ya watoto wa wafugaji wanaokosa shule wakati wa kiangazi. Alikuwa ameiandika yote isipokuwa sura ya mwisho. Nakala nyingine haikuwepo popote. Ripoti ilitakiwa chuoni Alhamisi kabla ya ofisi kufungwa, na asiyekabidhi angerudia mwaka. Dada yangu, anayelima kule Kwashemshi na kumsomesha kwa jasho la mgongo wake, alikuwa ameshasema wazi kwamba mwaka mwingine hauwezi. Kwa hiyo haikuwa habari ya kurudia mwaka. Ilikuwa ama ualimu, ama arudi juu milimani kushika jembe.

Alipita kwangu akielekea Mazingara kuonana kwa mara ya mwisho na wazazi aliowahoji. Kule umeme hakuna, na vumbi la njia ile linaingia hata kwenye yai. Akaona mashine aiache, na chaja yake.

"Mjomba," akaniambia, "nimefikiria watu wote ninaowajua. Wewe ndiye pekee ambaye hatoki nyumbani."

Sikujua kama nimesifiwa. Nikasema, "Utaikuta hapahapa. Na mimi utanikuta hapahapa."

"Tafadhali usiifungue."

"Niifungue ili iweje?"

Niliifungua jioni ile ile.

Siku za nyuma alikuwa amenionesha namna ya kuiwasha, na ndani mlikuwa na mchezo wa karata ambao mtu anacheza peke yake, na mimi nimezaliwa kwa ajili ya mchezo wa namna hiyo. Niliiweka barazani juu ya meza ya cherehani. Mtaa mzima ukaja kuona. Mtu mmoja, simkumbuki nani, akauliza ni ya nani ile, na mdomo wangu ukajibu kabla sijaupa ruhusa: "Yangu." Nikaongeza kwamba sasa hiyo ndiyo ofisi yangu.

Aliyesimama mbele ya wote siku ile alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Yeye ni Mnyamwezi. Baba yake aliletwa Korogwe kukata katani, naye akazaliwa kambini huko, akaja kuolewa Handeni. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani, kwa wasiojua, ana ruhusa ya kukutukana msibani kwako mwenyewe ukacheka. Ana ruhusa pia ya kuchukua kitu chako akakishika mateka mpaka umkomboe, na ukombozi wenyewe kwa kawaida ni kuku. Huyu wa kwangu alishanichukulia viatu kwenye msiba wa baba mkubwa nikarudi nyumbani kwa miguu mitupu, na alishanibebea mchi mchana kweupe. Kuku wangu wa maana wote wameishia kwenye sufuria yake. Lakini ana mpaka wake. Anachukua cha mtani, hagusi cha mgeni wala cha mtoto.

"Kumbe una ofisi, mtani," akasema, akiinama kutazama kioo. "Na karani wako nani? Jogoo?"

"Nyie kazi yenu kubeba mizigo kichwani," nikamjibu. "Hii inatumia kilichomo ndani ya kichwa."

"Hao waliobeba mizigo walipita hapa wakawaomba maji. Babu zenu wakawaonesha mawingu. Mpaka leo mnaonesha mawingu." Watu wakacheka, maana bomba la mtaa wetu lilikuwa halijatoa kitu tangu mwezi uliopita.

Asubuhi yake alikuja kuaga. Mama yake kule Korogwe alikuwa anaumwa, akawa anakwenda kumuuguza. Mimi nilikuwa bandani nikiwatupia kuku pumba. Aliingia ndani kuagana na mke wangu, akatoka na kapu lake kichwani, akaniambia nisiisahau ofisi. Nikamwambia amsalimie mama.

Mchana nikataka kucheza karata. Nikabonyeza pale pa kuwashia, kimya.

Mwanzoni sikushtuka. Nilijua tumeitumia sana usiku uliotangulia mpaka ikazimika yenyewe, betri imekwisha, basi. Nikachukua chaja iliyokuwa pale mezani, nikaichomeka ukutani, nikachomeka upande wa pili kwenye mashine, nikabonyeza. Kimya. Kwenye chaja palikuwa na kitaa cha kijani na kilikuwa kinawaka. Kile kitaa ndicho kilichonipoteza. Nikajiambia, umeme upo, unaingia, basi ubaya uko kwenye mashine.

Nilijaribu kila nilichokijua, nacho hakikuwa kingi. Nikabonyeza kwa muda mfupi, nikabonyeza kwa muda mrefu mpaka kidole kikapata alama. Nikaifunga na kuifungua taratibu kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Nikahamia soketi ya jikoni, ambayo huwa ina nguvu kuliko ya sebuleni, sijui kwa nini. Nikachomeka pasi palepale kuona kama soketi ni nzima. Pasi ikapata moto. Jioni taa za mtaa zikawa nyekundu kama papai bivu, nikasema afadhali, kumbe ni umeme mdogo, nikangoja mpaka zikawa nyeupe. Nikabonyeza kwa bismillahi. Kioo kilibaki cheusi, na ndani yake nikajiona mimi mwenyewe, macho yamenitoka.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilikuwa sijaharibu kitu chochote cha mtu tangu nilipounguza kitambaa cha suti ya bwana harusi, na ile angalau ilikuwa na moshi. Hii haikutoa moshi wala kelele. Ilikuwa nzima jana na leo ilikuwa kama jiwe, na mimi sikuwa nimefanya lolote. Au nilikuwa nimefanya, sikujua ni lipi, na hilo ndilo lilinitisha zaidi. Mke wangu aliona ninavyohangaika, akaichukua akaifungia sandukuni pamoja na nguo zake za sherehe na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende, akaniambia niiache ipumzike. Nikaiacha usiku mmoja. Kulipokucha nikaitoa, nikaipindua, nikaiona betri, na yaliyofuata nimeshayasema.

Jioni mke wangu aliitazama ile betri kama anavyotazama jipu la mgonjwa, bila kuigusa.

"Hii usiirudishe ndani," akasema. "Iweke nje, mbali na nyumba."

"Nitamwambiaje mtoto?"

"Kwani ulitaka kumwambiaje?"

"Nilikuwa nafikiria kumwambia ilianguka."

"Itaangukaje ikavimba? Mwambie ukweli. Wewe uongo huuwezi, unautunga kama unavyokata mashati, mkono mmoja mrefu."

Mpwa wangu alirudi Jumatano jioni, nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi, na furaha usoni kwa sababu wazazi wa Mazingara walimweleza yale aliyoyakosa mara ya kwanza. Umeme haukuwepo. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Akakaa mkekani. Nikamweleza.

Hakulia. Afadhali angelia. Alinitazama kama mtu anayesoma sentensi ya lugha asiyoijua, akirudi mwanzo kila akifika katikati.

"Mjomba, betri iko wapi?"

"Iko kwenye sufuria, nyuma ya banda."

"Umeipika?"

"Hapana. Niliianika."

Kuku mmoja alipita mbele yetu, sote wawili tukamtazama mpaka akatoka.

"Kesho saa kumi ofisi inafungwa," akasema hatimaye, taratibu, kana kwamba ananiarifu habari za mtu mwingine. "Kuna fundi sokoni Korogwe. Tutapanda basi la kwanza."

Niliuliza, twende wote? Mimi sikuwa nimekanyaga Korogwe kwa miaka, na kila nilipoalikwa nilikuwa na udhuru wa kuku. Akasema ndiyo, wote, ili fundi akiuliza kilichotendeka awepo aliyekitenda. Kulipopambazuka alifungasha mashine kwenye begi lake, na mimi, ili nionekane nafaa, nikafungasha chaja kwa mkono wangu, nimeiviringisha kwenye mfuko wa plastiki.

Fundi wa sokoni alikuwa na kibanda kilichojaa redio zilizofumuliwa matumbo. Korogwe nako umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, lakini yeye hakuona kama hilo linamzuia. Hakuuliza betri wala chaja. Alifungua skrubu zote, akainua kava, akainamisha pua.

"Madabodi imeungua, mzee, ule ubao mkuu wa ndani," akaniambia.

"Umejuaje?"

"Harufu."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya sanduku la mke wangu. Nilitaka kusema, lakini nilikuwa nimeshapoteza haki ya kusema lolote juu ya kompyuta. Akaonesha doa jeusi kwa ncha ya bisibisi, akasema hapo ndipo moto ulipoanzia. Mpwa wangu akaliondoa kwa ukucha. Lilikuwa sisimizi mkavu.

"Moto ndio uliomuua," fundi akasema bila kupepesa. "Niachieni hii, nitaitafutia spea. Wiki mbili."

"Zirudishe skrubu," akasema mpwa wangu.

Akazirudisha. Moja ikabaki mezani. Akasema hiyo haina kazi.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai, begi katikati yetu kama maiti ya mtoto. Jua lilikuwa limepanda. Mpwa wangu alikuwa ameshika daftari lake la Mazingara, akasema labda angeweza kuiandika yote upya kwa mkono, kisha akahesabu saa kwa vidole, akalifunga daftari. Nilikuwa natafuta neno. Katika miaka yangu yote ya kukaa nyumbani na kufikiri, sikuwa nimejiwekea neno moja la siku kama ile.

Ndipo nikasikia kicheko ninachokijua, kabla sijamwona mwenyewe. Mtani wangu alikuwa anakatiza soko, kapu mkononi, anatoka kumnunulia mama yake uji wa ulezi.

"Mtani," akasema, "umetoka nyumbani. Leo Korogwe kutanyesha. Umeniletea kuku wangu?"

"Kuku gani?"

"Usijifanye. Kuku wa kukomboa mateka. Nimekaa hapa wiki nzima nangoja salamu, nikasema huyu Mzigua leo amejikaza kiume."

Sikuelewa. Nilimwambia nina msiba, aache utani. Akasema msibani ndiko kwenye utani hasa. Kisha akaingiza mkono chini kabisa ya kapu, chini ya vitunguu, akatoa kitu kilichokuwamo humo tangu Handeni, kimefungwa kwenye kipande cha khanga. Akakifungua kidogo, kama anayeonesha dhahabu. Palikuwa na kisanduku cheusi, na waya, na plagi ya miguu miwili ya mviringo.

Mpwa wangu alisimama.

Mimi sikusimama. Nilifungua ule mfuko wa plastiki niliokuja nao kutoka Handeni, nikatoa chaja yangu, ile yenye kitaa cha kijani, ile niliyoichomeka sebuleni na jikoni, iliyoshinda ikiniambia umeme upo. Nikaiweka juu ya benchi, yeye akaiweka ile yake pembeni. Hazikufanana hata kidogo. Ya kwangu ilikuwa ndogo kwa nusu, ilikuwa na plagi ya miguu mitatu, na shingoni ilikuwa imefungwa uzi mwekundu.

"Hiyo ni ya redio yangu," akasema mtani. "Nilikuachia mahali pake ili ujue nani amepita. Nikaifunga na uzi kabisa, maana nakujua. Ulikuwa unachomeka hiyo?"

"Ndiyo."

"Siku zote hizi?"

"Ilikuwa inawaka taa."

Alianza kucheka, akamtazama mpwa wangu, kicheko kikafia njiani. "Huyu mtoto ana nini?"

Nikamweleza. Ripoti, saa kumi, kurudia mwaka, jembe la Kwashemshi. Nilivyokuwa naeleza niliona uso wake unavyobadilika, na sikuwahi kumwona hivyo hata siku alipomzika mumewe.

"Ulisema ni yako," akasema.

"Nilisema."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

"Mimi sigusi cha mtoto. Unajua. Ningejua ni ya mtoto ningekata mkono wangu." Akamgeukia mpwa wangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nisamehe. Nilimwibia huyu, sikukuibia wewe."

Mpwa wangu alikuwa ananitazama mimi. "Mjomba. Uliwaambia watu ni yako?"

Swali la betri nililijibu. Kwa hili niliinama nikaanza kuviringisha waya wa chaja ya redio.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na chumba cha kutolea fotokopi, na nje yake jenereta ilikuwa inaunguruma. Mwenyewe, mama mnene mwenye miwani, alitusikiliza kwa nusu sikio akatuonesha soketi. Mtani akachomeka kijiti, plagi ikaingia, ikachomoka. Ikaingia tena, ikalegea. Soketi ilikuwa imechoka. Ilibidi mtu aishikilie plagi kwa mkono, aikandamize hivyo hivyo isicheze. Mtani akakaa chini sakafuni, akanyoosha mkono, akaikandamiza.

Mpwa wangu akabonyeza.

Ile mashine ikakoroma. Kioo kikawa kijivu, kikawa na maandishi meupe yanayokimbia, kikawa bluu. Nilishika ukuta. Nilikuwa nimeshaizika, nimeshaikubali, nimeshanusa harufu ya kuungua kwake, nayo ilikuwa hai tangu mwanzo, inangoja tu kulishwa. Ripoti ilikuwa mle ndani, sura baada ya sura, hakuna herufi iliyopotea.

"Mjomba," akasema bila kugeuka, na vidole vimeshaanza kuchapa, "kaa nje, karibu na jenereta. Angalia mtu asijikwae kwenye waya. Usiushike. Uangalie tu."

Nikakaa nje nikauangalia waya. Ndiyo kazi niliyopewa katika siku kubwa kuliko zote za mpwa wangu, na niliifanya kwa bidii. Nilimfukuza mbuzi, nikamwomba mwenye mkokoteni azunguke. Kupitia mlangoni nilimwona mtani wangu sakafuni, mkono umenyooka, jasho linamtiririka, nzi amemtua puani na hathubutu kumpiga. Sikuwahi kumwona mwanamke yule akinyamaza kwa muda mrefu namna hiyo. Nilikuwa na matusi mazuri ya kumpa, mtani wangu amekamatika, hawezi hata kujikuna, na nikaona sina moyo wa kuyatoa.

Mara moja alihamisha goti. Plagi ikacheza, na kioo kikawa cheusi papo hapo. Betri ingekuwepo, hata tusingejua. Mpwa wangu aliweka mikono mapajani, akafumba macho, akayafumbua. Aliyokuwa ameyachapa tangu alipohifadhi mara ya mwisho yalikuwa yamekwenda. Akangoja mashine ikorome upya, akafungua daftari, akaanza aya ile tena. Mtani alibadilisha mkono, na machozi yalikuwa yanamtoka, sijui kwa uchungu wa bega au kwa jambo lingine.

Mwenye chumba alipotoka kutikisa tangi la jenereta na kusikiliza petroli iliyobaki, mimi nilianza kusoma dua nilizozisahau tangu madrasa. Lakini waya wa printa ulikuwa umeshaunganishwa, na karatasi ikatoka, ikifuatiwa na nyingine, moto moto kama chapati. Mpwa wangu alizipanga, akazitoboa, akazifunga kwa utepe, akatoka mbio, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Jenereta ilizima wakati mtani akiwa bado ameshikilia plagi. Ilibidi nimwambie kwamba anaweza kuachia.

Tulimngoja stendi, mimi na yeye, begi la kompyuta chini katikati yetu. Alikuwa anakandakanda bega. Hatukutaniana. Saa kumi ilipita. Kisha tukamwona anakuja, anatembea tu, hakimbii, na sikuweza kusoma chochote usoni mwake mpaka alipotufikia.

"Imepokelewa," akasema. "Walikuwa wanafunga mlango."

Mtani akapiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo. Mimi nilitaka kusema mengi, nikasema "Alhamdulillahi" tu.

Akasema anapanda Kwashemshi jioni hiyo hiyo kumpa mama yake habari kwa mdomo wake, lakini huko juu mvua inanyesha kila siku na njia ni ya utelezi, kwa hiyo mashine hawezi kupanda nayo. Ataifuata akishuka. Akaliinua begi. Mimi nikasimama, nikanyoosha mikono yote miwili, kama mjomba anavyotakiwa.

Akanipita. Aliinama akaliweka begi mapajani mwa mtani wangu, akaweka na chaja juu yake, akamshika mkono kwa heshima, akamwambia, "Bibi, nakuachia." Kisha akanigeukia, akanipa shikamoo ya kuagia, yenye adabu zake zote, akapanda gari.

Nilibaki nimesimama na mikono imenyooka mbele ya stendi nzima. Nilipoweza kuishusha nikamwambia mtani, "Umeona? Amenipita mimi mjomba wake wa damu, akakuachia wewe mwizi."

Alikuwa ameshalikumbatia begi kwa mikono miwili, hata hakuinua uso.

"Mwizi hukitunza alichoiba, mtani. Wewe hata ulichopewa hukitunzi."